Kwa Nini Sekretere Alikuwa Akishukia Lumumba

Hapa Bunia mtu mzima hupimwa kwa namna anavyofika. Akifika kwa jeep, watu wanamtafutia kiti kabla hajazima injini. Akifika kwa pikipiki yake mwenyewe, anasalimiwa kwa jina la ukoo. Akifika nyuma ya motari, yule kijana wa pikipiki ya kukodi, mgongo umenyooka na faili iko mapajani, huyo naye ni mtu. Hata anayekuja kwa miguu ana la kujitetea: anasema daktari amemshauri atembee. Lakini mtu mzima anayeshuka kutoka ndani ya bisi hana la kusema. Watu wanamtazama, kisha wanatazama pembeni, kama vile wamemkuta anaoga.

Bisi zenyewe ni mbili, za kijani. Ushirika mmoja wa wazazi ulizileta kwa ajili ya wanafunzi wanaokaa mbali, na baada ya mwaka ukaamua kumbeba kila mtu, kwa sababu saa ambazo watoto wako darasani zilikuwa zinazunguka mji na viti vitupu. Tangazo lilisomwa redioni na makanisani. Watu wazima walisikia wakanyamaza. Waliopanda ni akina mama wa kambi za wakimbizi waliotoka Djugu, ambao walikuwa na vikapu vizito na hawakuwa na muda wa kujali macho ya watu. Hapo ndipo motari walipoipa bisi jina: Materneli, yaani shule ya watoto wadogo. Mtu mzima akionekana dirishani walimsindikiza kwa maswali. "Papa, kalamu umebeba? Mwalimu atakuchapa."

Tharcisse Kamate aliyajua hayo yote, na zaidi ya kuyajua, aliwahi kuyacheka. Siku moja alimwona mwalimu mmoja wa kanisani kwao akishuka Materneli karibu na soko, akamwuliza mbele ya watu amefika darasa la ngapi. Mwalimu alitabasamu kidogo akaenda zake. Tharcisse alilisimulia jambo hilo mezani jioni, na bibi yake, yaani mke wake Annie, alicheka hadi akaweka kijiko chini.

Tharcisse alikuwa mtu wa miaka hamsini na minne, mzaliwa wa Butembo, ambaye alikuja Bunia akiwa kijana na hakurudi tena. Kazi yake ilikuwa kuandika. Katika ofisi moja ya serikali alikaa nyuma ya dirisha dogo na kuandikisha watoto waliozaliwa, kwa mwandiko mzuri hivi kwamba watu walimwomba awaandikie hata bahasha za arusi. Mji mzima ulimwita Sekretere. Shati lake lilikuwa na mkunjo wa pasi mikononi, na viatu vyake vyeusi aliving'arisha mwenyewe, hakumwachia mtu. Kila asubuhi motari wake, Yves, alimngoja nje ya lupango lao, yaani ua wa nyumba, kule Simbiliabo, na kila asubuhi walishuka pamoja hadi katikati ya mji, Sekretere amekaa kama picha.

Jumatano moja ya mvua, kwenye mteremko wa kuelekea mto Nyamukau, tairi la nyuma liliteleza. Yves aliinuka na mchubuko wa goti. Sekretere aliinuka na mfupa wa bega uliovunjika, na faili ikielea kwenye mfereji.

Wiki sita alikaa nyumbani, mkono umefungwa kifuani. Mfupa uliunga vizuri. Daktari alimsifu. Jumatatu ya kurudi kazini Yves alikuja, pikipiki imeoshwa, akasema, "Sekretere, panda polepole." Tharcisse aliweka mkono juu ya bega la kijana, akainua mguu, na mguu ukakataa. Jasho lilimtoka mgongoni, na jua lilikuwa halijapanda. Akasema amesahau miwani. Aliingia ndani, akasimama nyuma ya mlango wa chumba, miwani iko mfukoni, akahesabu pumzi zake. Alipotoka alimwambia Yves kwamba daktari anataka atembee kwa muda, na kwamba atamwita.

Hakumwita. Kila asubuhi aliaga nyumbani, na bibi yake, ambaye saa hiyo alikuwa nyuma ya nyumba anapepeta mchele, alidhani pikipiki inamngoja kwenye kona. Kumbe alikwenda kwa miguu, saa nzima na robo. Alifika ofisini viatu vimekuwa vyekundu kwa vumbi na shati limeshika mgongoni. Mara mbili alijaribu tena kupanda pikipiki, kwenye kartye nyingine, mtaa ambako hajulikani. Mara zote mbili alishuka kabla injini haijawaka, akaomba msamaha.

Kumwambia Annie hakuweza. Annie alikuwa mwanamke asiyeogopa kitu. Wakati wa vita aliwavusha watoto watatu msituni akiwa na mimba ya wa nne. Mwanamume angeanzaje kumwambia mwanamke kama huyo kwamba anaogopa pikipiki?

Asubuhi ambayo mvua ilimkuta njiani, mbali na nyumbani na mbali na ofisi, bisi ya kijani ilisimama mbele yake bila kuitwa. Mlango ulifunguka. Dereva, mtu mnene mwenye sauti ya taratibu aitwaye Delphin, alimwambia, "Papa, ingia. Mvua haichague mutu."

Tharcisse alitazama kushoto, akatazama kulia, akaingia.

Alikwenda moja kwa moja kiti cha nyuma kabisa, akajifunika uso kwa faili. Baada ya dakika chache aliishusha faili, kwa sababu alitambua jambo la ajabu: alikuwa hahesabu tena pumzi zake. Kiti kilikuwa kipana. Mvua ilipiga dirisha na yeye alikuwa mkavu. Mbele yake wasichana wawili wa sekondari walikuwa wanagombana juu ya zoezi la Kifaransa, na wote wawili walikuwa wamekosea. Alivumilia hadi kwenye daraja. Kisha akainama akawaambia kitenzi kile kinaandikwaje. Wasichana waligeuka. Mmoja, Glodie, akasema, "Papa, na hiyi ingine?"

Walipokaribia mjini hofu ya pili ilimshika, ile ya macho ya watu. Ofisi yake inatazama kituo cha bisi uso kwa uso. Kwa hiyo akaomba kushukia Lumumba, mitaa mitatu kabla. Pale, kando ya ukuta wa nyumba moja yenye maua, alitoa kitambaa, akapanguza viatu, akachana nywele, akatembea hadi ofisini akitokea upande ambao pikipiki hutokea. Hakuna aliyemwuliza kitu.

Kesho yake mvua haikunyesha, na bado alipanda.

Miezi miwili ikapita hivyo. Ukimwuliza leo atakwambia ile ilikuwa miezi mizuri, ingawa aliishi kama mwizi. Nyuma ya dirisha la ofisi watu walimjia na hofu, wamebana karatasi, wanasema "ndiyo" kwa kila kitu. Ndani ya bisi hakuna dirisha la kuwatenganisha. Watoto walimletea madaftari. Akina mama walimwuliza mambo ambayo hawakuthubutu kuyauliza ofisini. Hasa mmoja, Gertrude, mama wa makamo kutoka upande wa Djugu, aliyekuwa anauza mboga sokoni. Nyumba yao ilichomwa na karatasi zote ziliungua ndani yake. Binti yake alizaa kambini, kisha akafariki, na mjukuu alikuwa anakaribia umri wa shule bila kuandikwa popote.

"Nilienda kwenye ofisi yenu mara mbili," alimwambia siku ya kwanza walipokaa pamoja. "Nikafika kwenye mulango, nikarudi."

"Juu ya nini ulirudi?"

"Niliona watu iko na viatu."

Tharcisse alitazama viatu vyake mwenyewe. Kisha akafungua faili, akachukua karatasi, akaanza kumwandikia mambo yanayotakiwa: mashahidi wa aina gani, barua kutoka kwa nani, siku gani aje asikute msongamano. Ilichukua wiki kadhaa. Kila hatua ilizungumzwa ndani ya bisi, na mama wengine walisogea kusikiliza. Kwa shukrani Gertrude alikuwa anamwekea fungu la mboga za lenga-lenga mapajani kila Ijumaa, naye alilipeleka nyumbani.

Ndipo maneno yalipoanza.

Ornella, jirani yao, alikuwa na dada anayekaa Lumumba. Asubuhi moja akiwa anafagia barza ya dada yake, alimwona Sekretere anashuka Materneli, anasimama kando ya ukuta wenye maua, anapanguza viatu na kuchana nywele. Alimwona anajinusa kwapa. Siku ya pili alimwona tena, na siku ya tatu hakungoja ya nne. Akamfuata Annie bombani.

"Mama Gaël, miye sipendi mambo ya watu," alianza, na Annie akaweka bidoo lake la maji chini, kwa sababu anayeanza hivyo amekuja na mzigo. "Lakini bwana yako iko na nini kule Lumumba?"

"Lumumba? Ofisi haiko Lumumba."

"Ndiyo nasema."

Annie alirudi nyumbani na bidoo nusu. Mambo aliyokuwa ameyaona bila kuyatazama yakaanza kujipanga yenyewe. Yves hakuonekana tena kwenye lupango. Mume wake alikuwa anaimba asubuhi, mtu ambaye zamani hakusema neno kabla ya chai. Halafu zile lenga-lenga za Ijumaa, mbichi, zimefungwa vizuri kwa ukambaa wa mgomba. Mwanamume wa ofisini anapata wapi mboga? Mboga hufungwa hivyo na mkono wa mwanamke.

Jioni alimwuliza, kwa sauti ya kawaida. "Papa Gaël, hizi mboga unanunua wapi?"

"Ananipatiaka mutu mumoja."

"Mutu gani?"

"Mutu wa kazi," alisema Tharcisse, akainamia sahani yake.

Annie aliondoa sahani. Usiku ule hakulala vizuri, lakini hakulia. Alikuwa anapanga.

Jumanne aliamka mapema kuliko kawaida, akasema anakwenda kumwona mgonjwa. Alijifunga kikwembe, kitenge cha zamani, akashusha kitambaa hadi kwenye nyusi, akavaa miwani ya jua ya binti yake. Alitembea hadi kituo kinachotangulia kile cha kwao, ili apande kabla ya mume wake. Bisi ilipokuja alisita. Alitazama kama kuna mtu wa kanisani. Yeye naye alikuwa hajawahi kuipanda, na alisimulia baadaye kwamba ile hatua ya kwanza ya chuma ilimwogopesha kuliko kumkuta huyo mwanamke wa mboga. Alijikunja kwenye kiti cha nyuma, kichwa kiko chini ya dirisha.

Mtoto mmoja wa shule ya primeri aliyekaa kando yake akamwuliza, "Mama, umeangusha kitu?"

"Hapana. Nyamaza."

Kwenye kituo cha Simbiliabo mume wake akaingia. Annie alitegemea kumwona akijificha. Badala yake bisi yote ikamsalimu. "Bonjour, Sekretere!" Delphin aligeuza kichwa akamwuliza habari ya bega. Watoto walisogeza mabegi. Na katika kiti cha tatu, mwanamke mmoja mwenye kikapu cha mboga aliondoa mkono wake kwenye nafasi aliyokuwa ameishika, na Tharcisse akakaa pale kama mtu anayekaa kwake. Akafungua faili. Akatoa bahasha, akampa kwa mikono miwili. Mwanamke akaifungua, akaitazama muda mrefu, akaanza kulia. Tharcisse akampa kitambaa chake.

Annie alisimama, akavua miwani.

"Papa Gaël."

Mume wake hakugeuka mara moja. Aliganda kwanza, kama mtu aliyesikia sauti kanisani. Alipogeuka, alikuwa ameikumbatia faili kifuani.

"Mama Gaël. Unafanya nini ndani ya bisi?"

"Weye unafanya nini ndani ya bisi?"

Madaftari yalifungwa. Delphin, ambaye ni mtu wa busara lakini pia ni mtu, alipunguza mwendo.

"Huyu ndiye mutu wa kazi?" Annie aliuliza. "Huyu wa mboga?"

Tharcisse alifungua mdomo, lakini Gertrude ndiye aliyejibu. Alijifuta macho kwa kitambaa kilekile, akainua karatasi ili Annie aione. "Mama, ikala chini, utaanguka. Bwana yako hana kitu na miye. Ameniandikia mujukuu. Ona jina yake hiyi. Tangu azaliwe, leo ndiyo siku ya kwanza mutoto iko na jina kwenye karatasi."

Annie alitazama. Mwandiko ule aliujua. Barua alizoandikiwa akiwa msichana Butembo ziliandikwa na mkono huohuo, na sanduku lake bado lilikuwa nazo. Alikaa, kwa sababu bisi iliingia kwenye shimo. Lakini hakuwa amemaliza.

"Na kule Lumumba?"

"Kule ninashukaka tu."

"Unashuka kufanya nini?"

Sekretere alitazama sakafu. "Kupanguza viatu."

Glodie aliweka mkono mdomoni. Kicheko kikamponyoka mwenzake, kisha mwingine, na bisi yote ikacheka, hata Gertrude na machozi yake. Annie peke yake hakucheka, kwa sababu alikuwa anamtazama mume wake na aliona kwamba bado kuna kitu.

"Na Yves?" alimwuliza kwa sauti ndogo. "Juu ya nini humuite tena Yves?"

Hapo Tharcisse akaacha Kiswahili. Alimwambia kwa Kinande, lugha ya kwao Butembo, akiinamia sikio lake, kwamba hawezi tena kupanda pikipiki. Kwamba anaogopa. Kwamba mfupa umepona lakini kitu kingine hakijapona, na kila anapoinua mguu anaona ule mfereji. Kwamba amejaribu mara tatu. Mwanafunzi mmoja wa kiti cha mbele, mtoto wa watu wa Beni ambao nao husema Kinande, alisikia kila neno. Lakini alikuwa mtoto aliyelelewa vizuri; aligeukia dirisha akaanza kuhesabu mabati.

Annie aliniambia mimi mwenyewe kwamba kitu cha kwanza alichosikia moyoni ni hasira, si kwa hofu ya mume wake, bali kwa zile lenga-lenga. Zile za mwisho alikuwa amezipika kwa chuki, akizitia chumvi nyingi makusudi. Halafu hasira ikaisha, akamshika mkono wa shati.

"Ungeniambia."

"Ungenicheka."

"Ningecheka," alikubali Annie. "Kiisha ningenyamaza."

Walifika Lumumba. Kwa mazoea Tharcisse alinyanyuka, na Delphin akafunga breki. Annie hakuachia shati.

"Ikala. Tutashuka mbele ya ofisi."

"Mama Gaël, watu wataona."

"Waone. Miye nimejifunga kikwembe cha kufulia niko ndani ya Materneli asubuhi na mapema. Weye uko na shati ya pasi. Nani kati yetu iko na haya?"

Mbele ya ofisi mlinzi alikuwa amesimama na wenzake wawili wanakunywa chai. Tharcisse anasema ngazi zile mbili za bisi zilikuwa ndefu kuliko mteremko wa Nyamukau. Alishuka, akampa bibi yake mkono, naye akashuka. Mlinzi aliinua kikombe.

"Eh, Sekretere. Leo umekuja na watoto?"

"Nimekuja na bibi yangu," alisema Tharcisse, akaingia kazini.

Walimcheka, ndiyo, na kwa wiki mbili mtu fulani alikuwa anaacha kipande cha chaki kwenye meza yake. Alizikusanya zote akazipeleka kwa Glodie na wenzake, wanaojifundisha nyumbani kwenye mlango wa jiko. Alimtafuta pia yule mwalimu wa kanisani ambaye yeye alimcheka zamani. Alimkuta baada ya misa, akamwomba msamaha. Mwalimu hakukumbuka, au alisema hakumbuki.

Shida ya kweli ilitoka ndani ya familia. Mdogo wake, Olivier, ni mfanyabiashara wa mabati na misumari, mwenye depo mbili na jeep nyeupe. Alikuja Jumapili jioni kwa kaka yake, ambaye humwita Yaya, akakataa chai.

"Yaya, watu wananiuliza kama wamekufukuza kazi. Mwingine aliniuliza kama uko mugonjwa. Niwaambie nini?"

"Waambie ninapanda bisi."

"Mutu muzima? Ndugu yangu? Nitakutumia dereva na jeep kila asubuhi."

"Jeep yako iko na kazi, Olivier."

"Basi nitakununulia pikipiki, ukae nayo hapa."

Tharcisse alimtazama Annie, na Annie akatazama dari. Kumwambia bibi yake kulikuwa kumemmaliza nguvu. Kumwambia mdogo wake, ambaye yeye ndiye alimlipia shule kwa kuuza mafuta ya taa, hakuweza. Akasema tu, "Niache, nimezoea." Olivier aliondoka akiamini kwamba kaka yake amekuwa bahili, au amefilisika na anaficha.

Mwezi uliofuata ilikuwa mahari ya Alliance, binti mkubwa wa Olivier. Kwa desturi yetu msemaji wa familia siku kama hiyo ni baba mkubwa, na Tharcisse alikuwa ameshaanza kutayarisha maneno, kwani anapenda kusema na anasema vizuri. Siku tatu kabla, Olivier alituma ujumbe: msemaji atakuwa binamu yao Floribert, anayefika kwa gari lake. Hakueleza zaidi. Tharcisse alisoma ujumbe mara mbili, akaiweka simu kifudifudi mezani, akatoka kwenda kumwagilia vitunguu ambavyo Annie alikuwa amemaliza kumwagilia.

"Tutaenda?" Annie alimwuliza.

"Ni mutoto yetu. Tutaenda."

"Na Olivier akituma dereva na jeep?"

"Hatatuma."

Hakutuma. Jumamosi walivaa nguo za kikwembe cha aina moja, yeye shati na Annie gauni, samawati yenye ndege wa njano, wakapanda Materneli saa nne. Siku ya Jumamosi hakuna wanafunzi. Kulikuwa na mama wa mboga watano, na mzee mmoja mwenye kuku. Delphin alipoona nguo zile alizima redio na kuwafungulia mlango wa mbele, ambao si wa abiria. Motari kwenye kona walipiga kelele, kisha mmoja wao akawanyamazisha. Alikuwa Yves. Aliinua mkono, na Tharcisse naye akauinua wake.

Walifika wakati sala ya kufungua imeanza, kwa hiyo waliingia polepole kwa mlango wa pembeni na kukaa mstari wa tatu. Floribert alisema. Alisahau jina la marehemu mama wa baba yao, akamchanganya mjomba na shangazi, na wageni wakavumilia. Tharcisse alikaa mikono magotini. Annie alimwona anachezesha midomo, anasahihisha bila sauti.

Kulipokuwa kunaliwa, Olivier alikuja na sahani yake, akavuta kiti, akakaa kando ya kaka yake. Alikula wali wote. Mwishowe akasema bila kumtazama, "Mama Gaël amenikuta jikoni. Ameniambia kitu. Ni kweli?"

"Amekuambia nini?"

"Kwamba ni woga. Kwamba hakuna kingine, ni woga tu."

Tharcisse alitaka kumkasirikia bibi yake, akakosa nguvu. "Ni woga tu."

Olivier aliweka kijiko chini. "Miye nilifikiri unanificha umasikini. Nilisikia vibaya, juu weye ulinisomesha." Akatazama watu wanaocheza ngoma uani. "Yaya, unajua tangu lini sijafika Komanda? Tangu ile siku walipiga risasi kwenye msafara wetu. Miaka mitatu. Ninasema niko na kazi nyingi, ninatuma dereva. Dereva akiondoka silale mupaka apige simu. Bibi yangu hajui."

"Hajui?"

"Anafikiri ni biashara."

Tharcisse alimsogezea bakuli la nyama. Walizungumza habari ya Floribert, na Olivier, kwa mara ya kwanza siku hiyo, alicheka, akakiri kwamba wageni walikuwa wamemwuliza mara mbili msemaji yule ametoka wapi.

Watu walianza kuaga kabla ya giza. Bisi ya mwisho ilikuwa imeshapita, na Annie alikuwa amevua viatu, miguu imevimba kwa kucheza. Olivier alichukua funguo yeye mwenyewe. Aliwapeleka hadi Simbiliabo polepole, akikwepa mashimo, kaka yake kando yake akimweleza jinsi yule mama wa baba yao alivyoitwa na kwa nini aliitwa hivyo. Nyuma, Annie alikuwa ameshalala.